Ndoo Imekauka: Kwa Nini Watu Husema Hivi na Kufanya Vile Wakati wa Mlipuko

Pita sokoni au kwenye kituo cha mabasi jijini Mwanza, uangalie pembeni mwa geti. Mara nyingi utaikuta: ndoo ya plastiki yenye koki, imekaa juu ya kigoda cha chuma, kavu, na ndani yake maganda ya karanga. Ni masalia ya mwaka 2020. Ukitangazwa mlipuko mwingine, uwe kipindupindu, Marburg kule Kagera, Ebola ng'ambo ya Uganda au mpox, ndoo kama hizo hufutwa vumbi, hujazwa maji kwa siku kadhaa, kisha hukauka tena. Zikikauka, lawama ni ileile: "Watu wetu hawasikii. Elimu imetolewa wee, lakini wapi."

Lawama hiyo ina kosa la hesabu. Inachanganya mambo matatu ambayo kila moja lina namna yake ya kupimwa na namna yake ya kubadilika: kile mtu anachosema akiulizwa, kile anachoamini moyoni, na kile anachofanya akiwa kazini, mikono imejaa samaki na mteja amesimama mbele yake. Ukiyatenganisha matatu hayo, ndoo kavu inaanza kueleweka.

Maneno kwanza

Mlipuko ni pale wagonjwa wanapozidi kawaida ya mahali fulani kwa wakati fulani. Neno muhimu hapo ni kawaida. Kawaida ya Marburg ni sifuri, kwa hiyo mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara anatosha kutangaza mlipuko. Malaria kanda ya ziwa haina sifuri. Wagonjwa mia katika wilaya moja huenda wasimshtue mganga mkuu hata kidogo. Ndiyo maana watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona wagonjwa wachache wa ugonjwa mgeni wanatikisa nchi wakati malaria inazika watoto kila mwaka bila king'ora.

Mlipuko ukienea mataifa na mabara, unakuwa janga la dunia. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa kuhusu UVIKO-19, yaani korona, tarehe 30 Januari 2020, likatumia neno janga tarehe 11 Machi mwaka huohuo, na likaiondoa dharura tarehe 5 Mei 2023. Wengi walisikia hilo la mwisho kama tangazo kwamba virusi vimekwisha. Kilichokwisha ni hali ya dharura. Virusi vipo.

Maoni ya umma ni majibu ya watu wengi yakikusanywa na kujumlishwa. Imani ni kile mtu anachokiona kuwa kweli, hata asipokisema. Tabia ni kitendo kinachoweza kuhesabiwa na mtu aliyesimama pembeni. La mwisho halihitaji kuuliza swali lolote, na ndilo linalopimwa mara chache kuliko yote.

Gunia la dagaa

Mnunuzi mzoefu wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hanunui gunia kwa kutazama juu. Anajua juu huwa pamepambwa. Anazamisha mkono mpaka katikati, anachota, anatandaza kiganjani, anatafuta mchanga. Kiganja kimoja kilichotoka pazuri kinamwambia zaidi kuliko debe zima lililotoka juu.

Maoni ya umma hupimwa vivyo hivyo, na huharibika vivyo hivyo. Wanaopiga simu redioni asubuhi kusema chanjo ni nzuri au mbaya ni dagaa wa juu ya gunia: wana salio, wana muda, na wana jambo linalowakera. Mvuvi aliyetoka ziwani alfajiri amelala. Mama anayekaanga samaki Igogo hana mkono wa kushika simu. Grupu la WhatsApp lenye watu 250 wa aina moja ni gunia lililojaa tabaka la juu tupu. Kuliongeza likafika watu 1,000 hakulipeleki katikati.

Halafu kuna swali lenyewe. "Je, utakubali chanjo inayolinda familia yako?" na "Je, utakubali kudungwa chanjo iliyotengenezwa kwa haraka?" yanaweza kuulizwa nyumba moja, siku moja, na kutoa asilimia mbili tofauti kabisa. Ukisikia kwamba asilimia kadhaa ya wananchi wanakataa jambo, ulizia swali lilisomwaje kwa Kiswahili, si kwenye karatasi ya ofisini.

Kubwa kuliko yote ni adabu. Kijana mwenye kitambulisho shingoni anafika uani, anasalimia shikamoo, anamuuliza mama mwenye nyumba kama ananawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Mama atajibu nini? "Ndiyo, mwanangu." Kusema hapana ni kujiaibisha mbele ya mgeni. Hajadanganya kwa nia mbaya. Amefanya kile ambacho malezi yanamtaka afanye. Wachunguzi waliokaa nyumbani kwa watu na kutazama, badala ya kuuliza, walipata picha nyingine. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba duniani ni asilimia 19 tu ya watu wanaonawa kwa sabuni baada ya kugusana na kinyesi. Hiyo ni dunia nzima, pamoja na wenye mabomba mawili ndani ya nyumba.

Kuhesabu bila kuuliza

Kupima tabia si kazi ya maprofesa peke yao. Afisa afya wa kata, kamati ya soko au uongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo (ufuko wa kupakulia samaki), wanaweza kuifanya kwa daftari na kalamu. Tuchukue kivuko cha Kamanga. Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano saa 1 hadi saa 2 asubuhi, na siku moja isiyobadilika ya wiki. Simama mahali ambapo kila abiria lazima apite. Hesabu watu 100 mfululizo bila kuchagua: asiyeonekana vizuri anahesabiwa, aliyebeba mzigo anahesabiwa, anayekukera anahesabiwa. Piga mstari kwa aliyenawa na mstari kwa aliyepita. Aliyelowesha vidole bila sabuni awekwe safu yake, kwa sababu huyo ndiye atakayekudanganya ukimchanganya na walionawa.

Makosa matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni kuvaa sare: ukisimama na mgambo, watu watanawa kwa ajili ya mgambo. La pili ni kubadili saa. Abiria wa asubuhi wanaowahi kazini na wa alasiri wanaorudi Sengerema wamekaa kitako si watu wa haraka moja. La tatu ni kushangilia mapema. Kwa watu 100, hesabu yako inaweza kupotoka pointi kumi juu au chini kwa bahati tu. Wiki hii 40, wiki ijayo 46, bado hujaona badiliko lolote. Ukitaka kupunguza mpotoko uwe pointi tano, huhitaji watu 200 kama wengi wanavyodhani, unahitaji 400.

Kila agizo lina bei

Hapa ndipo kwenye nyama ya jambo. Agizo la afya hutangazwa kana kwamba ni la bure. Nawa mikono. Vaa barakoa. Usisogeleane. Baki nyumbani. Lakini kila moja lina bei, na bei hiyo ina sehemu tatu: fedha, muda na aibu.

Anza na ndoo. Ndoo ya kawaida ni lita 20. Mtu anayenawa vizuri kwenye koki hutumia karibu nusu lita, kwa hiyo ndoo moja hunawisha watu 40. Mwalo unaopitisha watu 800 asubuhi moja unahitaji ndoo 20 zijazwe, yaani lita 400, kabla ya saa nne. Nani anayachota? Nani anamlipa? Yakimwagika chini na kufanya tope mbele ya meza ya mama anayeuza nyanya, nani anahamisha kigoda? Siku za kwanza mzigo huo hubebwa na hofu: kijana anajitolea, mfadhili analeta ndoo, diwani anapigwa picha. Wiki ya tatu kijana amerudi kwenye kubeba mizigo kwa sababu kule analipwa. Sabuni ya kipande imeyeyuka kwenye maji yaliyotuama au imeondoka na mtu. Koki, ambayo ni plastiki nyembamba, imekatika shingoni kwa kufungwa kwa nguvu. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyebadili imani yake kuhusu vijidudu.

Ukiona hivyo, mahubiri zaidi hayasaidii. Bei ndiyo inayopaswa kushuka. Kibuyu chirizi, yaani galoni la lita tano lenye kitundu kidogo linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kamba, hutumia chini ya robo ya maji ya koki. Maji yaleyale ya lita 20 sasa yananawisha watu zaidi ya 160, na hakuna anayegusa koki kwa mkono mchafu. Sabuni ya unga gramu 30 ikikorogwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, kizibo kikatobolewa kwa msumari wa moto, inafanya kazi ya vipande kadhaa na haiibiki kirahisi. Kinachokosewa mara nyingi ni kitundu cha galoni: kikiwa kikubwa, maji yanakwisha kama ya koki, kikiwa kidogo mno, watu wanachoka kusubiri na kupita.

Barakoa nayo ilikuwa na hesabu yake. Tuseme moja ya kutupa ni shilingi 500 na mtu anatoka siku 26 kwa mwezi: hiyo ni 13,000. Nyumba ya watu wanne ni 52,000. Kwa familia inayoishi kwa kuuza mchicha Mabatini, hicho ni kipande kizito cha kodi ya chumba. Matokeo yake watu wengi walikuwa na barakoa moja tu, mfukoni, ya kuvaa mlangoni mwa benki na kuivua hatua kumi baadaye. Mtu aliyeiona mandhari hiyo anasema watu ni wanafiki. Kwa hesabu ya bei, wanafanya jambo linaloeleweka: wanalipa pale tu ambapo kutolipa kuna adhabu.

"Baki nyumbani" ndiyo ghali kuliko yote. Mwaka 2020 ziwa hili moja liligawanyika kwa amri: Kenya iliweka katazo la kutoka usiku kuanzia tarehe 27 Machi, Uganda ikafunga shughuli nyingi mwishoni mwa mwezi huohuo, na Tanzania ilifunga shule tarehe 17 Machi lakini ikaacha masoko wazi. Mchuuzi anayekula kutokana na mauzo ya leo hupimiwa agizo hilo kwa sufuria ya jioni. Tanzania ilijaribu njia ya kati kwenye daladala, ile iliyoitwa "level siti", abiria wakae wote bila mtu kusimama. Bei yake ilimwangukia konda, ambaye hesabu ya tajiri, yaani fedha anazompelekea mwenye gari kila siku, haikupungua. Jioni, watu wamejaa kituoni na giza linaingia, konda na abiria walikuwa upande mmoja dhidi ya agizo.

Aibu ndiyo bei isiyoandikwa popote, na inazidi zote penye msiba. Virusi vya Marburg na Ebola hukaa kwenye majimaji ya mwili, na mwili wa aliyefariki huambukiza sana. Agizo linasema usiguse, usioshe, usikumbatie. Sasa mpime mtu wa Usukumani au wa Kagera anayeambiwa asiende kumzika jirani. Atakayekosa atakumbukwa miaka ishirini, na swali litaulizwa hadharani: siku yako utazikwa na nani? Wengine watasema alijua kilichomuua marehemu. Afrika Magharibi, kwenye mlipuko wa Ebola wa 2014 hadi 2016, timu za maziko zilizochukua miili bila familia kuona zilisababisha miili kufichwa. Utaratibu ulipobadilishwa, familia ikaruhusiwa kushuhudia kwa umbali, kusali, kuchagua nguo na mahali pa kaburi, ushirikiano ukaongezeka. Virusi havikubadilika. Bei ya aibu ndiyo iliyoshuka.

Hofu hupanda, kisha huzoeleka

Hofu husaidia kulipa bei, lakini haidumu. Mvuvi mgeni hutetemeka upepo ukichafuka. Wa mwaka wa kumi anavuta tanga na kupiga soga, bila boya la kujiokolea. Ziwa ni lilelile. Akili ya binadamu haiwezi kukaa kwenye tahadhari kuu miezi mingi mfululizo, na si Mwanza tu. Ugonjwa mpya, usioonekana, wenye kifo cha kutisha, hutia hofu kubwa kuliko wa zamani unaoua wengi zaidi. Ndiyo sababu kuharisha kwa watoto hakuwezi kushindana na Marburg kwenye mazungumzo ya kijiweni.

Tatizo ni kwamba hofu hufika kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Mtu huogopa anapoona misiba. Lakini anayezikwa leo aliambukizwa siku nyingi nyuma, na waliokaa naye huenda tayari wameambukizwa. Kwa hiyo tahadhari hupanda ugonjwa ukiwa umeshaenea, na hushuka misiba inapopungua, hata kama sababu ya kupungua ni tahadhari yenyewe.

Hilo la mwisho linahitaji mfano. Wakazi wa bonde la mto Mirongo wanajua mitaro isipozibuliwa kabla ya masika kinachotokea. Mwaka ambao mitaro imezibuliwa vizuri na maji hayakuingia ndani, kuna watu husema, "Tulipoteza nguvu bure, mvua yenyewe mwaka huu ilikuwa ndogo." Kinga iliyofanikiwa haina ushahidi wa kuonyesha, inaacha nafasi tupu pale ambapo maafa yangekuwa. Baada ya kila mlipuko uliozimwa mapema, tegemea kusikia kwamba haukuwepo.

Takwimu ni kama nyavu

Ukitupa nyavu za sangara, hutapata dagaa, na hakuna anayesema ziwani hakuna dagaa. Idadi ya wagonjwa inayotangazwa ni samaki walionaswa na nyavu iliyotupwa: wangapi walipimwa, kwa kipimo gani, katika hospitali zipi. Nyavu ikipanuka, idadi hupanda hata kama ugonjwa umetulia. Ikikunjwa, idadi hushuka hata kama ugonjwa unapanda.

Mapema Mei 2020 takwimu za Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikuendelea kutolewa mpaka mwaka 2021. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Tuache mabishano ya vipimo pembeni. Kwa somo la tabia, cha kuangalia ni walichofanya watu baada ya hapo. Hawakuacha kuhesabu. Walihamia kwenye hesabu nyingine: misiba mtaani, matangazo ya rambirambi, maneno kama "nimonia" na "changamoto ya upumuaji". Hesabu hiyo ya mtaani nayo ina nyavu yake mbovu, maana hukamata waliofariki na kufahamika tu, na kuacha waliougua wakapona kimya.

Uvumi unafanya kazi gani

Wachunguzi wa uvumi nchini Marekani katika miaka ya 1940 waliueleza kwa kuzidisha: uzito wa jambo mara ukungu ulioko juu yake. Zidisha, si kujumlisha. Jambo zito lenye taarifa wazi halizai uvumi mwingi. Jambo lenye ukungu ambalo halikuhusu, nalo halikusumbui. Vyote viwili vikiwa juu, watu watatunga maelezo, kwa sababu kukaa bila maelezo wakati watoto wako wako hatarini hakuvumiliki.

Kanda ya ziwa inalijua hilo tangu zamani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijafika vijijini, ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizovushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ukilitazama jina hilo bila dharau utaona ndani yake uchunguzi: watu walikwishagundua kwamba ugonjwa unafuata njia za biashara na waliosafiri. Walichokosea ni kinachoubeba. Mwaka 2020 hali ilijirudia. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wasafiri wa ndege, na haraka ikasemwa huu ni ugonjwa wa wazungu na matajiri. Uvumi mwingi una mbegu ya jambo lililoonekana kweli.

Urefu wa ukungu ndio wa kupigania. Tarehe 16 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa usiojulikana katika wilaya ya Bukoba; tarehe 21 maabara ikathibitisha ni Marburg. Siku tano hizo zilitosha kuzaa sumu, uchawi na laana kwenye simu za watu. Lakini kutangaza mapema "hatujui bado, wameshafariki watano, tunapima" kuliweka mpaka wa ukungu: kila mtu alijua jibu linatafutwa na nani. Mlipuko ule ulikwisha ukiwa na wagonjwa 9 na vifo 6, ukatangazwa kuisha tarehe 2 Juni.

Hapa kuna fumbo dogo lililowachanganya wengi: kwa nini kusubiri siku 42 bila mgonjwa mpya? Marburg huchukua siku 2 hadi 21 tangu kuambukizwa mpaka dalili. Siku 42 ni 21 mara mbili, ili hata mtu mmoja aliyepita bila kuonekana awe amejitokeza, na aliyeambukizwa naye pia. Ukilijua hilo, unaelewa pia kwa nini kipima joto bandarini hakitoshi. Abiria wa meli ya Bukoba aliyeambukizwa juzi hana homa leo. Kipimo kinamkamata anayeumwa tayari. Aliye kwenye siku za kungoja hukamatwa kwa orodha ya waliogusana na mgonjwa, na orodha hiyo hutegemea watu kusema ukweli. Watasema tu wakiamini kwamba kutajwa hakutawafukuzisha kazi.

Ukitumiwa sauti ya mtu anayejiita daktari na kulia kwamba wodi imejaa, fanya mambo machache kabla ya kuisambaza. Tafuta mahali na tarehe ndani ya sauti. Sauti nyingi za uongo hazina. Uliza aliyekutumia kama yeye anamfahamu msemaji, kisha aliyemtumia yeye. Mnyororo ukifika kwa "kuna ndugu mmoja" mara mbili, umeshakufa. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Na kama ni zamu yako kusahihisha, anza na kilicho kweli, taja uongo mara moja tu kwa kifupi, eleza uvumi huo umekosea wapi, rudi kwenye ukweli. Anayeanza kwa kurudia uvumi kwa kipaza sauti cha gari la matangazo anausambaza kwa mafuta ya halmashauri.

Kujifukiza: imani au bei?

Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, inastahili aya yake kwa sababu imetukanwa na kusifiwa kupita kiasi. Mvuke wa mkaratusi na mchaichai unaweza kulegeza makamasi, na mgonjwa anaweza kujisikia nafuu. Hilo ni kweli. Virusi, hata hivyo, viko ndani ya chembe hai za mwili. Virusi vya jamii ya korona huharibiwa na joto la nyuzi 56 kwa takribani nusu saa. Njia ya hewa ya mtu haistahimili hivyo bila kuungua. Hatari halisi ilikuwa sufuria la maji ya moto chini ya blanketi, hasa penye watoto.

Lakini iangalie kwa kipimo cha bei. Majani yapo uani. Haina foleni. Bibi anaijua, kwa hiyo aibu ni sifuri. Kinyume chake, anayemfukiza mumewe anasifiwa. Viongozi waliiunga mkono. Inampa mtu kitu cha kufanya jioni ile ile. Agizo lolote la kitaalamu linaloshindana na nyungu linashindana na kitu cha bure, cha heshima na cha papo hapo. Anayetaka kuwa salama na asiachane nayo aweke sufuria chini kabisa, iliyoepuliwa jikoni, watoto wakiwa mbali, na asiifanye sababu ya kuchelewa hospitali pumzi inapobana.

Chanjo na wanaongoja

Dozi za kwanza 1,058,400 ziliingia nchini tarehe 24 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kwa kuchanjwa mwenyewe tarehe 28. Mwanzoni vituo vilikuwa 550 nchi nzima. Mwendo ulikuwa wa kusuasua, na tafsiri ya haraka ikawa kwamba Watanzania wamekataa.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani huigawa kusita huku katika vyanzo vitatu: kukosa imani na chanjo au anayeitoa, kubweteka kwa kuona ugonjwa si tishio, na usumbufu wa kuifikia. Dodoso la mitaani huyachanganya yote kuwa "hapana". Mkazi wa kisiwa kidogo wilayani Ukerewe anayepaswa kulipa mtumbwi kwenda, mtumbwi kurudi na siku nzima ya kazi anaweza kusema "sitaki" kwa sababu "sina nauli" inamdhalilisha. Na kati ya wanaokubali na wanaokataa kabisa, kuna kundi kubwa la wanaosema "ngoja nione". Hao hufanya kama wateja wa boti mpya: wanataka kuiona imekwenda na kurudi mara kadhaa. Mpango Shirikishi na Harakishi uliofuata mwaka huohuo ulipeleka chanjo masokoni, nyumba za ibada na stendi, na kuongeza vituo hadi maelfu. Waliochanjwa wakaongezeka sana. Sehemu ya badiliko hilo ilikuwa imani. Sehemu kubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ilikuwa kwamba boti imerudi salama na sasa inapita mlangoni.

Bado hudaiwa kwamba watu wakitishwa vya kutosha watatii. Vitisho bila njia ya kutenda huzaa kukanusha. Ukimwambia mtu atakufa na hana maji, atatafuta sababu ya kuamini kwamba hafi. Hudaiwa pia kwamba umma hupagawa. Malimao na tangawizi kupanda bei mwaka 2020 hakukuwa kupagawa. Kila mnunuzi alikuwa na sababu yake, na sababu hizo zikikutana siku moja, bei hupanda.

Kwa hiyo kamati ya mwalo ikikaa kujadili mlipuko unaofuata, kabla ya kuandaa bango, iweke mezani daftari lenye safu nne: agizo, linagharimu shilingi ngapi kwa siku, linachelewesha kazi dakika ngapi, na linamwaibisha nani. Kwenye mstari wa ndoo, safu ya pili isiachwe wazi. Iandikwe jina la mtu atakayechota maji, ndoo 20 au kibuyu chirizi, na fungu litakalomlipa wiki ya tatu, picha zikiwa zimeshapigwa na wageni wameondoka.